Pigo Moja ni Bei, Mawili ni Faini: Mazungumzo na Makedi na Wachezaji Wapya wa Gofu, Kisumu

Mabibi na mabwana, wachezaji wapya, na ndugu zetu makedi, wabebaji wa mifuko ya fimbo, mlioketi kule nyuma kana kwamba mada haiwahusu, hamjambo. Sogeeni mbele. Kuna adhabu ambazo kedi humletea mchezaji wake ilhali mchezaji mwenyewe hajagusa kitu, na tutafika huko.

Kwanza neno lenyewe. Mtu aliyesoma shule zetu akisikia "adhabu" anakumbuka kiboko. (Hapa Kisumu kiboko ni habari nyingine tena, na kanuni hazikumsahau.) Ndiyo maana mchezaji mpya huona haya kutangaza adhabu yake. Hunong'ona, au huendelea kama hakuna lililotokea. Haya hiyo haina msingi. Pigo moja la adhabu, mara nyingi, ni bei tu: mpira umetumbukia majini, unalipa pigo moja upate kuutoa. Hujavunja kanuni, umenunua. Mapigo mawili ndiyo faini, kwa sababu hapo umefanya lililokatazwa. Juu ya hayo kuna kuondolewa mashindanoni, na mara nyingi kinachomwondoa mtu ni saa au kadi ya alama, si mpira. Katika mchezo wa ana kwa ana, unaoamuliwa shimo kwa shimo, ile faini ya mapigo mawili hugeuka kuwa kupoteza shimo. Ninayosema leo ni ya mchezo wa kuhesabu mapigo.

Yapo makosa madogo ya pigo moja pia, sikatai. Lakini mkishika tofauti hiyo ya bei na faini, nusu ya kitabu mmekielewa. Hasara kubwa uwanjani humpata mtu aliyepaswa kulipa bei ya pigo moja, akajaribu njia ya mkato asiyoijua, akatozwa faini juu ya ile bei.

Kanuni hutungwa na R&A ya St Andrews, Uskoti, pamoja na USGA ya Marekani, taasisi mbili zinazosimamia gofu. Zilipoandikwa mara ya kwanza, kule Leith mwaka 1744, zilikuwa 13. Leo ziko 25, na toleo tunalotumia lilianza Januari 1, 2023, likifuata mageuzi makubwa ya 2019. Nataja miaka hiyo kwa sababu mengi yanayofundishwa kwenye banda la makedi ni ya kabla ya 2019. Kuangusha mpira kutoka usawa wa bega, kutafuta kwa dakika 5, adhabu ya mpira kugonga mti wa bendera ukiwa ndani ya shimo, adhabu ya fimbo kugonga mpira mara mbili katika pigo moja: yote hayo yamekwisha. Anayewaambia hivyo hana nia mbaya, ila amechelewa.

Sasa tuingie uwanjani. Chukueni shimo la par 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo 4. Mkono wa kulia kuna mtaro wenye vigingi vyekundu, na kabla ya mtaro kuna nyasi zinazofika magotini. Mpira wako wa kwanza unapinda kulia na kutoweka. Uko wapi?

Ukiwa mtaroni, hesabu ni hii: pigo moja ulilopiga, moja la adhabu, na sasa unapiga la 3 ukiwa kando ya mtaro. Ukiwa umepotea kwenye nyasi, hesabu ni ile ile, unapiga la 3, lakini unarudi kulipiga kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo. Mnaona mtego ulipo? Adhabu ni moja kote kuwili. Kinachopotea ni mita 200 za njia. Kwa hiyo kila mtu angependa mpira wake uwe umeingia mtaroni, na utamsikia akisema, "Lazima utakuwa umeingia majini." Kanuni ya 17 haiukubali huo "lazima utakuwa". Inataka ijulikane, au pawe na hakika inayokaribia kuwa kamili. Kitabu kinasema angalau asilimia 95. Mtu aliona maji yakiruka, au mpira ulionekana ukidunda kuelekea mtaroni mahali ambapo hakuna nyasi za kuuficha. Kama nyasi ndefu ziko hapo hapo na hakuna aliyeona, mpira umepotea. Ukiuangusha mwingine kando ya mtaro na kuupiga, umecheza kutoka mahali pasipo pako. Unaongezwa mapigo mawili juu ya lile moja, na kwa kuwa umejipatia umbali mkubwa, unalazimika kurudi nyuma kurekebisha kabla ya kuanza shimo linalofuata. Usiporudi, unaondolewa. Bei ya pigo moja imekufikisha huko.

Dawa yake ni mpira wa muda, ule ambao makedi huuita provishono. Ukihisi wa kwanza umepotea au umetoka nje ya mpaka, piga wa pili pale pale kabla hujaondoka. Lakini tangaza, na utangaze kwa maneno yanayoeleweka: "Napiga mpira wa muda, endapo ule hautapatikana." Ukisema tu "ngoja nipige mwingine", huo mwingine ndio unaohesabiwa kuanzia hapo, na hata ukiukuta wa kwanza katikati ya fayawei, ile njia ya nyasi fupi, umelala vizuri, hauna kazi tena. Dakika 3 za kutafuta huanza wewe au kedi wako mnapoanza kutafuta, si mnapoondoka kwenye tii. Mmoja wenu atazame saa. Wa kwanza ukipatikana ndani ya dakika hizo na uko ndani ya mpaka, ndio wako, hata kama umelala vibaya na ule wa muda uko karibu na bendera. Hakuna kuchagua. Na kama mahali pekee mpira unapoweza kuwa ni ndani ya vigingi vyekundu au vya njano, mpira wa muda hauruhusiwi. Ukiupiga, umejirudisha kwenye tii kwa pigo la adhabu.

Baadhi ya kamati zimepitisha kanuni ya ndani inayomruhusu aliyepoteza mpira au kuutoa nje ya mpaka asirudi nyuma. Anaangusha mwingine kwenye fayawei, usawa na pale ulipopotea, kwa mapigo mawili ya adhabu. Kama ulikuwa wa tii, sasa unapiga la 4. Ni nzuri kwa Jumamosi yenye watu wengi. Soma kibandiko cha klabu kabla ya kuanza, maana pasipoandikwa, haipo. Na ukishapiga mpira wa muda, njia hiyo imefungwa.

Rangi za vigingi zinachanganya wengi, kwa hiyo tuziweke sawa. Ndani ya vya njano au vyekundu, vinavyoonyesha eneo la adhabu kama maji au mtaro, unaweza kuucheza mpira ulivyolala bila kulipa chochote. Tangu 2019 fimbo inaweza kugusa ardhi na hata maji kabla ya pigo. Ukitaka kutoka, unalipa pigo moja, na njia mbili ni za rangi zote: kurudi ulikopiga, au kurudi nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni kupitia pale mpira ulipovuka ukingo kwa mara ya mwisho, umbali wowote upendao. Vyekundu vinaongeza njia ya tatu: kupima urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipovuka, bila kusogelea shimo. Angalieni neno "ulipovuka". Kosa tunaloliona kila wiki ni mtu kupima kutoka pale mpira ulipoangukia majini, mita 30 mbele ya alipovukia. Huko ni kucheza mahali pasipofaa: mawili.

Vigingi vyeupe ni ukuta. Mpira wote ukiwa ng'ambo ya mstari wa upande wetu wa vigingi, umetoka. Sehemu yake yoyote ikiwa ndani, uko ndani. Kigingi chekundu kinachong'oka kikikuzuia, king'oe, hakuna neno. Cheupe usikiguse hata kama kinazuia mkono wako. Ukikwisha king'oa, kirudishe kilivyokuwa kabla hujapiga, na utakuwa umejiokoa na mapigo mawili.

Kuhusu kuangusha mpira: unaachia kutoka usawa wa goti ukiwa umesimama wima, mpira uanguke wenyewe bila kusukumwa, uguse ndani ya eneo la nafuu, yaani lile unaloruhusiwa kuuangushia, na usimame humo. Eneo hilo hupimwa kwa fimbo ndefu kuliko zote ulizobeba, isipokuwa ile ya kusukumia mpira kwenye grini, zile nyasi fupi sana zinazozunguka shimo. Kwa wengi ni draiva, yapata inchi 45, kwa hiyo fimbo mbili ni kama mita 2.3. Aliyebeba nusu seti bila draiva apime kwa ndefu aliyo nayo. Hakuna kuazima ya jirani iliyo ndefu zaidi. Mpira ukibingirika ukatoka eneoni, angusha tena. Ukitoka mara ya pili, uweke kwa mkono pale ulipogusa ardhi mara ya pili hiyo. Ukiachia kutoka begani, hujapata adhabu bado, okota urudie. Adhabu inakuja ukipiga: pigo moja kama mpira ulikuwa ndani ya eneo, mawili kama ulikuwa nje. Kwenye ule mstari wa kurudi nyuma, mabadiliko ya 2023 yamerahisisha mambo: angusha juu ya mstari, na mpira ukisimama ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka ulipogusa, kwa upande wowote, cheza.

Mpira usiochezeka, tuseme umejificha chini ya kichaka cha lantana, ni uamuzi wako peke yako. Hakuna wa kukuruhusu wala kukukatalia, isipokuwa ukiwa ndani ya vigingi vyekundu au vya njano. Pigo moja, na njia ni tatu kama za vyekundu, ila fimbo mbili hupimwa kutoka mpira ulipo. Watu hupima kutoka ukingo wa kichaka, wakatozwa mawili. Angalia pia unakoangusha. Mpira ukibaki ndani ya eneo lakini ukarudi mizizini, ndio huo huo. Ukitaka kutoka tena, lipa tena. Mara nyingine kurudi ulikopiga ni nafuu zaidi, ingawa miguu haipendi.

Kwenye bunka, yaani eneo la mchanga lililoandaliwa kuwa kikwazo, majani na vijiti unaweza kuondoa tangu 2019, tena msimu wa jakaranda hilo ni jambo la maana. Mchanga wenyewe ndio mwiko: usiuguse kwa mkono au fimbo ili kuupima, usiuguse kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala katika pigo la mazoezi, wala fimbo inaporudi nyuma. Faini ni mawili. Mchezaji Dustin Johnson yalimkuta mwaka 2010 kule Whistling Straits, kwenye shimo la mwisho la PGA Championship. Aligusisha fimbo mchangani mahali alipodhani ni ardhi tupu iliyokanyagwa na watazamaji, akakosa nafasi ya kucheza mchujo wa kuwania taji. Kamati ilikuwa imebandika onyo kwamba kila mchanga uwanjani humo ni bunka. Kibandiko, jamani. Na mpira ukikwama vibaya mchangani kuna njia ya kutoka kabisa: rudi nyuma kwenye mstari, nje ya bunka, kwa mapigo mawili. Hayo si faini, ni bei. Kwa asiyejua kuchimba mpira mchangani ni bei nzuri, kwani wapo wanaoacha humo mapigo 5.

Makedi, sasa ni zamu yenu. Kanuni ya 10 inasema kosa la kedi ni la mchezaji. Hesabu fimbo kabla ya tii ya kwanza: mwisho 14. Zikizidi ni mapigo mawili kwa kila shimo lililochezwa hivyo, yasizidi manne kwa raundi. Ian Woosnam alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiongoza mashindano ya The Open ya 2001 pale Royal Lytham, siku ya mwisho. Alipofika tii ya pili ikagundulika draiva ya ziada ndani ya mfuko, na ile 2 aliyokuwa amepata kwenye shimo la kwanza ikawa 4.

Kosa la kwenye grini ambalo nadhani hufanyika hapa kila saa ni hili. Mchezaji anaweka alama pale mpira ulipo, anauinua mpira, anakurushia uufute. Unaufuta vizuri, kisha kwa heshima zako unainama kuurudisha mbele ya alama. Mdosi anapiga. Pigo moja la adhabu. Mpira unarudishwa na mchezaji mwenyewe au na yule aliyeuinua. Kama ni yeye aliyeuinua, wewe ukishaufuta mrudishie mkononi. Kama ni wewe uliyeuinua, jambo ambalo kwenye grini unaruhusiwa bila kuombwa, basi unaweza kuurudisha. Kuinua bila kuweka alama ni pigo moja. Kupiga mpira ilhali alama bado iko chini, pigo moja.

Usimuulize kedi mwenzako ametoa fimbo namba ngapi, wala usichungulie mfukoni mwake kwa kugusa. Huko ni kutafuta ushauri, na mdosi wako analipa mawili. Umbali unaweza kuuliza na kujibu. Mita 140 kufika grini si siri ya mtu. Kanuni pia unaweza kuzieleza kwa yeyote. Na mchezaji anapoanza kusimama tayari kupiga, ondoka nyuma yake kwenye mstari wa mpira.

Tuje kwa wanyama. Wacheza gofu wa nchi za mbali hupenda kusimulia kanuni ya zamani ya Nyanza, hapa kwetu, iliyomruhusu mchezaji kuangusha mpira mwingine bila adhabu ukilala karibu na kiboko au mamba. Siku hizi Kanuni ya 16.2 inatosha: mnyama wa hatari, iwe kiboko, nyoka au nyuki, anakupa nafuu ya bure, fimbo moja kutoka mahali pa karibu palipo salama, bila kusogelea shimo. Nyayo zake ni suala jingine. Kwenye grini unaruhusiwa kuzitengeneza. Kwenye fayawei nyayo si shimo la mnyama, na bila alama ya kamati unacheza mpira ulivyolala. Kinyesi chake, samahanini mnaokula, huhesabiwa sawa na jani kavu: kiondoe. Ila mpira ukisogea kwa sababu hiyo nje ya grini, urudishe ulipokuwa na ujiongezee pigo moja.

Tumbili akiuchukua mpira uliokwisha simama na watu wamemwona, weka mwingine pale ulipokuwa, bure. Kama hakuna aliyemwona, usimsingizie tumbili, mpira umepotea.

Mvua inapokuja, maji yaliyotuama yanayoonekana unaposimama ni ya muda, na nafuu ni ya bure, fimbo moja. Matope laini peke yake si maji, na umande si maji. Mpira uliozama katika shimo lake mwenyewe fayawei una nafuu ya bure. Radi sasa, hasa Kericho, Nandi na Kakamega ambako alasiri hailali: ukiona hatari una haki ya kusimama mwenyewe bila kungoja king'ora, mradi uiarifu kamati mapema iwezekanavyo. King'ora kirefu kimoja maana yake simama papo hapo, hata kama umebakiza sentimita 10 shimoni. Anayepiga baada ya hapo anaondolewa. Vitatu vifupi, unaweza kumaliza shimo ulilolianza. Viwili vifupi, mchezo unaendelea.

Kuhusu saa: ukichelewa kwenye tii ya kwanza bila kuzidi dakika 5, mapigo mawili, zaidi ya hapo, rudi nyumbani.

Kadi ndiyo inayoumiza kuliko yote, maana hapo hakuna upepo wa kulaumu. Alama ya shimo ukiiandika ndogo kuliko ulivyopiga, unaondolewa. Ukiiandika kubwa, inabaki kubwa. Kwenye mashindano ya Masters ya 1968, Roberto De Vicenzo alipiga 3 kwenye shimo la 17, mwenzake akamwandikia 4, naye akasaini bila kukagua. Jumla ya 65 ikawa 66, na Bob Goalby akashinda kwa tofauti ya pigo hilo moja. Kuna huruma ya aina moja: kama hukuandika pigo la adhabu kwa sababu hukujua kabisa kwamba umelipata, kamati itakuongezea tu. Kama uliambiwa ukapuuza, huruma hiyo hupati. Kwa hiyo kedi anayemnong'oneza mdosi "nadhani ule mpira ulisogea" anamwokoa.

La mwisho, kwa sababu mtakwama siku moja mbali na kamati na hakuna anayejua jibu. Katika mchezo wa mapigo unaweza kucheza mipira miwili kwenye shimo hilo bila adhabu. Kabla hujapiga pigo jingine, mwambie anayekuandikia kadi kwamba utacheza miwili, na upi ungependa uhesabiwe. Maliza shimo na yote miwili, andika alama zote mbili, kisha uieleze kamati kabla ya kukabidhi kadi, hata kama zimelingana. Ukinyamaza unaondolewa. Katika ana kwa ana njia hii haipo. Huko mnakubaliana au mnatoa dai, mchezo unaendelea.

Pale nje nyuma ya banda kuna vigingi viwili vyekundu na kamba imelazwa chini. Kila mmoja achukue mpira na fimbo yake ndefu. Tunaanza na wale waliozoea kuangusha kutoka begani.